Bomba la Moshi Chini ya Dirisha Letu

Jumatano, Masuguru. Mawingu yamejaa upande wa Lutindi lakini mvua hainyeshi. Naandika haya intaneti kafe, Zaina amelala mapajani, na leo simwamini mtu yeyote.

Zaina ni binti yangu, ana miaka mitano. Ukimtuma kikombe, anafika jikoni amesahau alichofuata. Wenzake wa chekechea wanahesabu. Yeye bado anatafuta maneno na kuyakosa.

Nimekuwa nikimshuku mama mkwe. Alimpaka mtoto dawa siku ya arobaini, nikajiaminisha kwamba ndiyo iliyomfunga ulimi. Nikaacha kumpeleka kwake Kwaluguru. Sababu nilimwambia mume wangu peke yake.

Akanyamaza.

Leo asubuhi nilimpeleka Zaina kliniki. Muuguzi, mama wa makamo, hakuuliza habari za dawa.

"Mimba ya huyu uliilea wapi?"

"Kwenye mashine yetu ya kusaga. Nilikuwa napima mahindi ya wateja."

"Ya dizeli?"

"Ndiyo. Bomba linatokea nyuma, chini ya dirisha la chumbani."

Akaacha kuandika. Akaniambia moshi anaouvuta mama mjamzito unaweza kudhuru ubongo wa mtoto unaojengeka tumboni. Akaongeza kwamba hawezi kuapa kuwa ndiyo sababu kwa Zaina, maana mambo huwa mengi. Hilo la mwisho nililisikia kwa mbali. Nilikuwa nakumbuka chandarua chetu, jinsi nilivyokuwa nakifua na maji yanatoka meusi.

Mashine ile mume wangu aliinunua biashara zilipoachiwa huru, baada ya ile ya ushirika kufa. Mtaa mzima ulikuja kuishangaa. Hata mimi niliringa.

Niliporudi nilimkuta anamimina mahindi. Nikamwita nyuma ya nyumba.

"Baba Zaina, kuna mtu aliwahi kukuambia lolote kuhusu huu moshi?"

Alijifuta unga mikononi, akajifuta tena.

"Fundi aliyeifunga. Aliona una mimba, akasema bomba lipandishwe juu ya paa. Nikadhani anatafuta kazi ya ziada."

Kumbe alijua. Alijua, na akaniacha nimlaumu mama yake mzazi.

"Nina mimba nyingine," nikamwambia. Nilikuwa sijamweleza.

Aliingia ndani akazima injini, na wateja wamejaa mlangoni. Kina mama wakauliza kulikoni. Baadaye akasema kesho anamwita fundi.

Sijamwamini. Aliyeweza kukaa na jambo hilo moyoni miaka yote hii anaweza pia kuwasha mashine nikishageuka. Kesho mimi na Zaina tunapanda gari la Handeni. Tutakaa Kwaluguru mpaka nije nione kwa macho yangu bomba liko juu ya paa. Mama mkwe nitamweleza yote niliyomdhania, nimwombe radhi. Akinifukuza, atakuwa na haki.

Ila kuna jambo linanikera kuliko ukimya wa mume wangu. Kila asubuhi ya mimba ile niliamka nakohoa, pua imejaa masizi. Nikamshuku bibi wa watu aliyekuwa mbali Kwaluguru.

Moshi niliolala nao kila siku, mbona sikuushuku?