Ndoo Tatu za Risasi na Mkono wa Mzee Emmett

Bi Hester mpendwa,

Samahani kwa urefu wa barua hii, nakuomba unisaidie maana namshukuru mtu mmoja kutoka ndani ya moyo wangu, namshukuru nikiamka, namshukuru nikiosha vyombo, na yeye mwenyewe sijamwambia hata neno moja kwa sababu ya aibu. Ukinijibu gazetini majina usiyafiche, mji wetu ni mdogo, mtu akisoma habari ya kofia nyekundu atajua tu ni sisi wa Tanner's Fork.

Mimi ni mama wa miaka sitini na mitatu, nimepika kwenye jiko la shule miaka ishirini na minane mpaka nikastaafu, na kila Jumanne mchana sisi wanawake wanane tunakutana kwenye uwanja wa shabaha wa klabu, tunapiga bastola, kisha tunakaa kunywa kahawa na kuwasengenya waume zetu, na nakwambia ukweli hiyo ndiyo siku ninayoingojea wiki nzima. Sasa mwaka huu risasi zimepanda bei mpaka tukawa tunapiga boksi moja tu mtu na boksi lake, tena kwa kujibana, wawili wakaanza kutoa visingizio vya magoti, na shoga yangu Twila akasema, "Jamani, tukiendelea hivi tutabaki klabu ya kahawa." Mimi kwa kiherehere changu nikasema niachieni mimi, nitatafuta za jumla, za bei ya kueleweka, tupige mpaka tuchoke.

Nikaenda kwenye maonyesho ya bunduki ya kaunti, na kwenye meza ya mwisho, karibu na mlango wa choo, nikamkuta bwana mmoja wa ndevu, mpole kabisa, anauza risasi za milimita tisa alizozijaza mwenyewe nyumbani, yaani anachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, anayatia baruti mpya na kichwa kipya, basi zinarudi kuwa risasi, na zote zilikuwa ndani ya ndoo za aiskrimu, hazina boksi, hazina karatasi, hazina jina, kwa nusu ya bei ya dukani. Nikamuuliza, "Baba, hizi ziko salama kweli?" Akacheka akasema, "Mama yangu, mbona mimi mwenyewe ndizo ninazopiga?" Na Bi Hester, huku kwetu mtu anafundishwa siku ya kwanza anaposhika bunduki kwamba risasi ya kujaza nyumbani anaipiga yule aliyeijaza, ya mwenzio huigusi, mume wangu Orval aliniambia hivyo hata hatujaoana, kwa hiyo siwezi kusema sikujua, nilijua vizuri sana, lakini nikaiona ile bei, nikawaona wenzangu watakavyofurahi, nikabeba ndoo tatu. Nilipofika uwanjani nazo nilipigiwa makofi, Twila akanikumbatia akaniita mkombozi, tukagawana kwa vikombe vya kupimia unga.

Jumanne ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Jumanne ya pili wakaja wanawake wa Mill Run kushindana nasi, na zamu yangu ilipofika nilikuwa na sahani sita za chuma za kuangusha, nikaangusha nne bila kukosa, watu wanapiga kelele nyuma yangu, nikafyatua ya tano, na badala ya kulia ikatoa pufu, sauti ndogo tu kama ya mtu anayefungua soda, na kamoshi kidogo. Sasa sisi tumefundishwa, na aliyetufundisha ni Mzee Emmett Rudisill, msimamizi wa uwanja wetu, kwamba bastola ikigoma usiduwae, gonga kitako cha magazini, vuta chuma cha juu, piga tena, na tumelirudia zoezi hilo mpaka mikono inalifanya yenyewe bila kuuliza kichwa. Nikagonga, nikavuta, nikainua, kidole kikaenda kwenye kifyatuo, na hapo nikasikia "Acha! Acha!" na mkono mgumu ukanikamata kifundo cha mkono kutoka nyuma ukanisukumia bastola chini kuelekea kwenye changarawe.

Ilikuwa Mzee Emmett. Bi Hester, mbele ya wageni! Nilipandwa na hasira nikamwambia, "Nitolee mikono yako, mzee wewe! Umeniharibia zamu yangu!" Yeye akasema taratibu, "Delphine, angalia mtutu." Nikamjibu, "Angalia wewe adabu zako." Nikaichomoa magazini, nikaitia bastola kwenye mkoba bila kutazama kitu, nikakaa nikaiandikia kamati malalamiko pale pale kwamba nimeshikwa mwili nikiwa kwenye mstari wa kupigia, jambo ambalo kwenye klabu yetu ni kosa kubwa, na mzee wa watu hakujitetea, alivua kofia yake nyekundu ya usimamizi, akaiweka juu ya meza ya alama, akapanda gari lake akaenda zake. Kamati ikamsimamisha mpaka kikao.

Ijumaa Orval akashuka chini ya nyumba kunisafishia bastola, maana mimi siwezi harufu ya yale mafuta, akaitoa risasi niliyoiacha chumbani, akaingiza ufito wa kusafishia, ukafika katikati ukagota. Akamulika na tochi. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu, ile ya pufu haikuwa na baruti, cheche ya kitako chake ilikisukuma mpaka hapo tu, na kama ningefyatua inayofuata ingekutana na ile iliyokwama na mtutu ungepasuka usoni kwangu. Orval aliniita, akakaa kwenye ngazi, akanishika mkono wa kulia akavigusa vidole vyangu kimoja kimoja, vile nilivyomfanyia binti yetu siku aliyozaliwa, akaniambia, "Delphine, kamshukuru yule mzee."

Nikaoka pai ya stroberi kwenye bakuli langu, nikaenda kwa Mzee Emmett, nikamsikia anakata majani nyuma ya nyumba, nikaweka pai kwenye ngazi nikakimbia kama mwizi. Jumapili nikakuta bakuli langu kibarazani kwangu, limeoshwa likatakata, ndani yake mayai sita na fungu la vitunguu vya majani, hakuna hata kijikaratasi. Sasa sijui ndiyo kunisamehe au ndiyo kuniambia chukua bakuli lako usirudi tena. Nimerudi mara mbili kwenye barabara yake, nimesimamisha gari, nimeshindwa kushuka. Nimshukuruje mtu niliyemtukana kwa kuniokoa?

Halafu lipo na hili, wenzangu bado wanazo zile risasi, niliwaambia wazisubirishe kidogo maana zinachafua bastola, niliona haya kusema ukweli baada ya kuitwa mkombozi, na Twila ananicheka, anasema bastola yake haiogopi uchafu na Jumanne hii anakuja nazo.

Wako mwenye aibu na shukrani,
Delphine

*

Delphine,

Barua yako ilinifikia Jumatatu asubuhi, na gazeti hili linatoka Alhamisi. Umeniandikia kurasa tano. Pai imepata ukurasa karibu mzima, na wanawake saba wenye risasi zisizo na baruti umewapa mistari mitano mwishoni, baada ya vitunguu! Nilipofika hapo kahawa ilinipalia. Sikungoja Alhamisi, nilikupigia simu, na wasomaji wangu wacha wasikie tulivyoongea.

"Twila yuko wapi?" nilikuuliza.

"Sijui, labda nyumbani. Nani mwenzangu?"

"Ni Hester wa gazetini. Mpigie Twila sasa hivi, halafu wengine wote."

"Ee Mungu wangu. Nitamwambia nini, Bi Hester?"

"Mwambie ulichoniambia mimi."

"Atanicheka."

"Acha acheke, ilimradi acheke akiwa na macho yote mawili."

Ulikata simu, na nakushukuru kwa kunikatia. Saa moja baadaye ulinipigia unalia, ukasema umewapata wote, na Twila hakucheka, amezileta za kwake mwenyewe ndani ya ndoo mpaka mlangoni kwako. Orval akazipeleka zote kwa fundi bunduki. Hapo mlifanya vizuri, maana risasi mbovu hazitupwi jalalani, hazichomwi moto, hazizikwi bustanini. Jana nimeongea na fundi. Amefungua hamsini kutoka kwenye ndoo ya Twila, moja moja, kwa mkono. Tatu hazikuwa na baruti hata chembe.

Tatu, Delphine. Keti na hesabu hiyo kidogo, halafu uniambie tena habari ya kuona haya.

Sasa sikiliza. Kutafuta risasi za bei nafuu si dhambi, na kuwatafutia wenzako ni jambo jema, nisingependa ile Jumanne yenu ife. Ulichokosea ni kumwamini mtu kwa sababu ana sura ya upole na meza karibu na choo. Ndoo ya aiskrimu ni ya aiskrimu. Mko wanane: jichangeni, nendeni kwenye duka mnalolijua, agizeni kasha zima la risasi mpya za kiwandani, zote za toleo moja, zikiwa ndani ya maboksi yake yaliyofungwa. Kwa kasha bei inashuka. Haitashuka mpaka nusu, na mtu akikupa nusu jiulize nusu nyingine ameipunguza wapi. Zikiwa bado ghali, nusu ya mazoezi yenu fanyeni kwa bastola ya risasi nyembamba, zile zinazoitwa ishirini na mbili, ambazo bei yake ni rahisi, na nyumbani fanyeni mazoezi ya kushika na kulenga kwa bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa chumba kingine. Hivyo ndivyo wapigaji wazuri wa kaunti hii walivyopata mikono yao.

Na ile gonga-vuta-piga, waambie wenzako leo: bastola ikinyamaza kabisa, sawa, gonga na uvute. Ikisema pufu, simama. Toa magazini, itoe na iliyomo chumbani, tazama mtutu. Zamu iende na maji.

Tuje kwa Mzee Emmett. Mama mzima umezaliwa huku, umelea huku, na bado unaniuliza bakuli lile maana yake nini? Huku kwetu mtu mwenye kinyongo anakurudishia bakuli tupu, au halirudishi kabisa na miaka kumi baadaye unaliona kwenye mnada wa vyombo vya marehemu. Wewe lako limekuja limeoshwa na lina mayai. Mtu aliyekasirika hakupi mayai, Delphine. Yule mzee amekwisha kukusamehe, pengine alikusamehe kabla gari lake halijatoka getini. Anayekataa kusamehewa ni wewe, unaona raha kukaa ndani ya gari ukijionea huruma.

Lakini kusamehewa na yeye hakukuondolei kazi. Malalamiko yako yapo kwenye jalada la kamati, na mtu mwema amevuliwa kofia kwa sababu yako. Kikao ni Jumatatu. Simama mbele ya wale wale uliowaandikia, useme kwa mdomo ule ule, "Nilikosea. Nilinunua risasi nisizopaswa kununua, nikawagawia wenzangu, na mtu huyu aliona nisichokiona." Uwape na ule mtutu waushike, wapitishane meza nzima. Usiseme "kama nimemkosea mtu yeyote." Umemkosea, na jina lake unalijua. Kisha uombe kofia, ikabidhiwe kwako, maana ni wewe utakayeipeleka.

Nina ukali na wewe, najua, na nitakwambia sababu. Nilikuwa na kaka, Loyal, mpiga fidla. Hapakuwa na ngoma ya mavuno kaunti hii bila yeye. Siku moja ya Oktoba alikuwa machimboni peke yake anapiga makopo kwa risasi alizopewa na jirani, bastola ikasema pufu, naye akavuta, akapiga ya pili. Mkono ule ulibaki na vidole viwili. Fidla yake ninayo mimi, juu ya kabati, na kila nikiifuta vumbi najiuliza ingekuwaje kama siku ile angekuwepo nyuma yake mzee mmoja tu mkorofi, asiyeogopa kutukanwa.

Kwa hiyo usinitumie shukrani mimi, sina nilichofanya zaidi ya kupiga simu. Pai acha nyumbani safari hii. Chukua ile kofia nyekundu, nenda kwake mchana, gonga mlango, na usikimbie, ngoja afungue. Akifungua usianze hotuba, utalia na yeye atatazama viatu vyake, nawajua wanaume wa huku. Mpe kofia yake. Kisha mpe mkono wako wa kulia, wenye vidole vyote vitano.