Joho Lisilo na Mikono

Nyumbani,
Chumba cha cherehani.
Jumatatu, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Kifua kimeachia? Wifi yangu na mgongo wake je? Na wale pacha, bado wanapigana kila wakikaa karibu? Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili makusudi. Miguu yangu inavimba kwa kukanyaga cherehani, lakini hayo nimeyazoea.

Univumilie mwandiko. Shule yangu unaijua ilikoishia, na leo naandika haraka haraka. Ningekupigia, ila simu yangu anaishika mwanangu siku hizi. Barua hii ataileta jirani yetu dereva wa lori, nimemwambia akupe mkononi.

Habari yenyewe ni ya mpwa wako, Malenga wetu.

Unakumbuka alivyokuwa akinisomea mashairi yake huku nashona. Namwambia, "Hapo umenichosha, baba, rudi pale penye mvua," naye anacheka, anarudia. Hasomi tena. Ameacha tangu alipokutana na mtu mmoja pale kiwanda cha uchapaji, anakofanya kazi ya kusahihisha vitabu. Mtu huyo havui glovu hata akinywa chai, ndiyo maana mtaani tunamwita Bwana Glovu. Alimwambia mwanangu kwamba mashairi yake yanapotea bure kwa watu wa harusi, kwamba maneno yake yanaweza kuita vitu na vikaitika. Sifa zikamlevya mtoto wa watu. Sasa yumo katika chama chao cha siri, chama cha uganga na makafara.

Wanakutana ghorofani, juu ya duka la vioo, na madirisha wameyaziba kwa mapazia mazito. Mapazia hayo nimeyashona mimi. Usinicheke: kijana aliniletea kitambaa chake pamoja na oda ya majoho meusi, nikadhani ni ya kwaya. Nikatangaza mtaa mzima kwamba mwanangu ameingia kwaya! Mama muuza mkaa akaniuliza, "Kwaya gani hiyo shoga, mbona hatujaisikia ikiimba?" Nikamwona ana wivu.

Kisha akaleta vipimo vya joho la mwisho. Jeupe, halina mikono wala tundu la kupitishia mkono, na chini lishonwe lifungwe. Vipimo nilivijua ni vya nani, nimemshonea tangu anatambaa. Nikamuuliza, "Mtu atatembeaje humu?"

"Hatembei, mama. Anabebwa." Kama anayenitajia bei ya sukari.

Nilimbana mpaka akasema. Jumamosi wanampandisha daraja. Watamchorea duara la chaki, wataimba shairi alilolitunga mwenyewe, na kabla hajaingia, mtu wa damu yake lazima atamke kwa kinywa chake: "Huyu si wetu tena, mchukueni." Akanishika mikono, akasema ni maneno tu, mama. Yeye! Aliyekuwa hali chakula kwa kutafuta neno moja, leo ananiambia ni maneno tu.

Usidhani ni woga wangu wa kutosoma. Rafiki yake yule mpiga picha, mwenye mwanya, alipandishwa kabla yake. Mama yake aliyatamka yale maneno huku anacheka, akiona ni michezo ya wasomi. Juzi nilikuwa na mama huyo sokoni, tukakutana na huyo kijana wake. Mama akamwita. Kijana akasimama kwa adabu kabisa, akasema, "Samahani, mama, unamtafuta nani?" Hakuwa anaigiza, mdogo wangu. Nilimtazama machoni. Yule mama tangu siku hiyo hajainuka kitandani.

Mimi nimekataa. Hakunigombeza. Alitabasamu tu, akauliza, "Hivi mjomba bado anatumia namba ile ile?" Nikamjibu ndiyo, kabla akili haijanirudia.

Sasa sikiliza vizuri. Atakupigia. Ataongea kwa upole, atakuchekesha, unajua anavyokupenda. Halafu atasema anatunga mchezo wa kuigiza, umtamkie mstari mmoja tu asikie unavyokaa mdomoni. Usiutamke. Hata kwa utani, hata akilia. Atakwambia mama amezeeka, anaweweseka. Mwambie, "Wewe ni wetu," ukate simu. Na pacha wasiishike kabisa hiyo simu. Nao ni damu yake, na watoto husema lolote wakiambiwa ni mchezo.

Ukiweza, njoo kabla ya Jumamosi, wewe anakuheshimu. Kitambaa cheupe nimekificha, lakini mafundi cherehani wamejaa mjini, na jana nimemkuta anajipima mbele ya kioo kwa tepu yangu.

Na kama alikuwahi kabla ya lori kufika, ukamtamkia, sitakulaumu. Njoo hivyo hivyo, usiku au mchana.

Namsikia anaoga, anapiga mluzi kama zamani. Naishia hapa kabla hajaja kuuliza namwandikia nani. Nisalimie wifi yangu, nibusie pacha, na shangazi mwambie dawa zake za sukari asizirukeruke. Mungu awafunike ninyi nyote, na huyu wangu asimwache nje.

Ni mimi nikupendaye,
dada yako,
na mama yake bado.