Fomu Iliyo Mezani

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, nimekifunika, paka asikutangulie. Nimewahi darasa langu la jioni. Leo ni mtihani wa hesabu, niombee.

Saini fomu ya ~~shule kubwa~~ shule ndogo. Usinune kwanza! Asubuhi mimi na binti tulizipitia zote mbili, zile za binafsi. Mkuu wa shule kubwa akatazama alama za binti yetu: "Huyu ni wa wastani tu." Nikainamisha kichwa. Binti akauliza kwa adabu, "Mwalimu, asiyeelewa hapa husaidiwa na nani?" Mkuu akakohoa.

Kule shule ndogo aliuliza vilevile, mwalimu akamjibu, "Husaidiwa na mimi. Njoo kila siku saa tisa, mpaka uelewe."

Nilimshukuru Mungu palepale. Mimi utotoni sikuthubutu kuuliza swali hilo, nikaacha shule. Yeye ameliuliza mara mbili kwa asubuhi moja.

Kalamu iko juu ya fomu.

Mama watoto