Sufuria Iliyofukiwa Bofa

Zipporah, weka kazi chini usome hii. Posa ya dada yetu Waruguru nusura ivunjike leo, na mwenye makosa ni Mama.

Mzee Randu, baba yake bwana harusi, ana kesi na Mama tangu 1986. Hatukujua.

Mwaka huo Mama alikuwa ndio kwanza ameshuka kutoka Murang'a. Jumapili moja akatupeleka ufuoni Bofa, watoto watatu na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya bara. Maji yamekupwa, yako mbali kule. Mama akaifukia sufuria mchangani isionwe na wezi, akachomeka kijiti cha alama, tukaenda kuokota makombe.

Kurudi, bahari imejaa. Hakuna kijiti, hakuna mchanga. Mtu wa bara, nani alimwambia bahari huenda na kurudi? Akamkwida shati kijana muuza madafu.

"Nipe sufuria yangu, mwizi wewe."

Kijana akamjibu kwa upole, "Subiri jioni, mama. Mwizi atairudisha mwenyewe."

Kijana huyo ndiye Mzee Randu.

Sasa leo mshenga kamaliza, watu wanakula, mzee anamkodolea Mama macho tu. Mara, "Mama Waruguru, ile sufuria ilirudi?"

Zipporah, watu wameacha kula, wote wanamtazama Mama. Bibi harusi anataka kulia.

Mama hata hakupepesa macho. "Ilirudi jioni. Hiyo githeri unayokula imepikwa humo humo."

Mzee akatafuna taratibu, akasogeza sahani aongezewe.

"Ndiyo maana ina chumvi mpaka leo."