Mchunga wa Ndani ya Seng'enge

Mama yangu, uliyetutangulia,

Msimu huu mchunga, ile mboga yetu ya mwitu, umeota kwa wingi katika shamba la miwa. Maua yake ya manjano yanaonekana tangu barabarani, ng'ambo ya seng'enge, na wanawake wa Msambweni wanayatazama kama mtu aliyefungiwa nje ya jiko lake.

Wewe ulinifundisha kuuchuma kabla haujachanua, utomvu ukininata vidoleni, kisha kuuchemsha, kumwaga yale maji machungu na kuutia tui. Ukanifundisha pia kwamba mahindi ni ya aliyepanda, lakini mchunga ulioota katikati yake huchumwa na jirani yeyote, bila hodi. Tuliishi hivyo mpaka Mzungu wa miwa alipokuja na nguzo zake.

Siku mlinzi wake alipokukuta ndani, alipiga kelele, "Mwizi wee!" Ukamcheka.

"Nimeiba nini, mwanangu? Magugu? Bwana wako na anishukuru, nimempalilia bure!"

Chifu akataka maelezo kwa maandishi, la sivyo upelekwe kwa DC Kwale. Ukaniita mimi, msomaji wa magazeti, mbishi wa kila baraza. "Andika: sikuiba, na nitarudi." Nikaogopa utafungwa. Nikaandika: "Naomba radhi, sitaingia tena." Ukatia dole gumba chini ya maneno usiyoweza kuyasoma, huku ukitabasamu.

Shauri likaisha, ukarudi na kikapu. Mlinzi akakuzuia: "Bibi, si umeahidi mwenyewe kwamba hutakuja?" Ukamwita mwongo mbele ya watu. Nilikuwa kando yako, nikanyamaza. Ukafa ukiamini kwamba alisema uwongo.

Tangu hapo nimeandika makala ngapi kuwashambulia wenye seng'enge! Hakuna hata moja iliyosema kwamba karatasi wanayotuonyesha hadi leo, eti wenyeji walikubali, ni mwandiko wangu. Basi nasema hadharani: wewe hukukubali. Nilikubali mimi, kwa dole gumba lako.

Jana nilimwendea yule mlinzi, nikamwambia kwamba hakusema uwongo.

"Pole," akasema. "Lakini ukiingia nitakukamata."

"Nikamate."

Kesho asubuhi naingia, na wanawake wa mtaa mzima nyuma yangu. Wakitaka maelezo kwa maandishi, nitawapa barua hii, na jina langu chini yake. Mwenye shamba simwombi kitu. Radhi naiomba kwako tu.

Mwanao