Kijana wa Kasulu Aliyekataa Kuja Guangzhou

Hamisi, ndugu yangu,

Nakuandikia nimeinamisha uso, kana kwamba unaniona. Tangu tukuzike hapa Guangzhou, mbali na kwenu Kasulu, kitanda chako bwenini hakijapewa mtu. Kompyuta ipo, na ule mchezo wetu wa kuongoza timu za kikapu za vyuo vya Marekani umo bado.

Unakumbuka nilivyokuwa nikichagua chuo cha mji mkubwa? Vijana hodari walijaa mlangoni, nami nikajiita kocha. Wewe ulishikilia kile chuo cha kaskazini, kwenye theluji, ambako jirani hakuna vipaji. Ukimfuata kijana wa mbali, ziara moja inameza nguvu zako za wiki nzima, kisha anachagua chuo kilicho karibu na kwao. Nilikucheka. Ukasema, "Nassor, wewe hujui kusajili. Umezaliwa karibu tu."

Mwezi uliopita kocha wa chuo chetu, yule aliyekupenda kama mwanawe, aliniita. Nafasi yako kwenye timu ilikuwa wazi, na ufadhili wake pia. "Nitafutie mwingine kutoka kwenu," akasema. Hata sikuvuta pumzi. Nikamtaja Faraji, mtoto wa shangazi yangu, anayekaa Upanga, Dar. Akauliza, "Anacheza kama Hamisi?" Nikajibu ndiyo. Hamisi, Faraji kikapu anakiona kwenye televisheni tu! Nilimtaja kwa kuwa ni wetu.

Ikawa nikimwona kocha uwanjani nabadili njia. Ndipo nikamkumbuka Bahati, rafiki yako wa nyumbani, anayefanya kazi kiwanda cha mbao. Ulikuwa ukisema, "Ananishinda kila siku, ila hakuna aliyefika Kasulu kumtazama." Nikarudi kwa kocha nikamwambia nimemdanganya. Hakunigombeza. Alimimina chai, akanisogezea kikombe. Afadhali angenitukana.

Nikaenda Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa mjini, kwa yule kaka wa Kariakoo mwenye ofisi kwenye jengo la Tianxiu, akaniachia simu yake. Bahati akaitwa, akaja hadi posta ya Kasulu kuipokea. Nilimwaga sifa zote: masomo, ufadhili, uwanja wa ndani wenye sakafu ya mbao. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka," akasema, "mama yake Hamisi bado ananiuliza mwanawe kalazwa wapi, nani alimwosha. Sina jibu. Nimwachie na mama yangu maswali hayo?"

Mimi ndiye niliyekuosha, Hamisi. Mimi nilishuka kaburini kukupokea. Na mama yako nilimtumia rambirambi ya maneno machache, nikaona nimemaliza. Kumbe mama wa watu anazunguka kuuliza majirani, na mwenye majibu niko huku nasaka mchezaji.

Kocha amemchukua kijana wa mkoa huu huu. Jumapili anakula kwao. Anacheza vizuri, lakini si wewe.

Likizo hii nitashuka Dar, nipande treni hadi Kigoma, kisha basi mpaka Kasulu. Sitamshawishi Bahati. Nitaketi na mama nimweleze yote: ile homa ya mapafu, maji tuliyokuogeshea, mlima ulikolazwa, na jinsi ulivyokuwa ukimwita. Akinilaumu nitanyamaza. Akitaka nirudie, nitarudia.

Lala, ndugu yangu. Mungu akupanulie hapo ulipo. Kwa mama nitafika.

Nassor