Njia ya Maua Mlangoni kwa Shangazi Eulalia

Mtaa wa Msalaba,
San Dimas Amatzingo,
Morelos, Meksiko.
Tarehe 19 Novemba

Mpendwa binamu Abundio,

Mama yako hajiuzulu. Kaniambia mwenyewe leo asubuhi akichambua maharage, na akaniagiza niliandike hilo kabla ya salamu, maana anajua salamu utaziruka ukitafuta habari. Limeshaandikwa. Sasa tusalimiane.

U hali gani huko kwenye mabanda ya nyanya? Mgongo umepoa? Sisi ni wazima. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi, ikifika mchana anakuwa amelisahau. Mke wangu Rosaura anakushukuru kwa makoti ya watoto. Mvua zimekatika na korongo limekauka.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Barua hii ataileta Sixto, anayerudi huko Alhamisi. Uliyoyasikia kwa wenzako ni nusu. Haya ni niliyoyaona, au niliyoyapata kwa aliyeyaona.

Uchaguzi wa Juni unaujua. Taa zilizimika kura zikihesabiwa, na ziliporudi sanduku la kituo chetu lilikuwa ndani ya tangi la maji la shule. Jirani Petronila alisema parokia yetu ilipewa mwizi mmoja aliyetubu, San Dimas, hao wengine tuvumiliane nao. Mahakama ikafuta matokeo. Aliyekwenda kutoa ushahidi ni Mwalimu Hermilo, mwenyekiti wa kituo. Agosti alikutwa chini ya korongo. Polisi walisema alianguka. Mimi niliandika gazetini kwamba polisi walisema alianguka. Zaidi ya hapo sina la kuthibitisha.

Sasa uchaguzi unarudiwa. Ofisi ya uchaguzi ilichezesha tena ile bahati nasibu ya kupata raia wa kusimamia vituo, na kiti cha Hermilo kikamwangukia mama yako.

Nakuja kwenye maua. Asubuhi ya Watakatifu Wote, watu waliotoka kumpa pole mjane wa Hermilo waliona, mbali na ile ya mlangoni kwake, njia ya pili ya petali za manjano, mbichi, inatoka barabarani na kuingia kwa mama yako. Kwetu hiyo haina tafsiri mbili: nyumba hii imefiwa mwaka huu, chukua mshumaa wako uingie. Petronila ndiye aliyetangulia. Aligonga lango akilia, na mama yako akamfungulia.

"Mwenzangu, nani katutoka?"

"Inaelekea ni mimi," mama yako akamjibu. "Ingia, kahawa i tayari."

Njia haikuishia langoni. Ilipita chini ya lango, likiwa limefungwa kwa komeo la ndani, ikakatiza uani hadi kizingiti cha chumba anacholala. Mwisho wake paliwekwa viatu vipya vya kike, vyeusi, kisigino kifupi, vikiwa sambamba kama tunavyompangia marehemu nguo zake mpya. Ni saizi yake. Canelo, mbwa uliyemwacha wewe, alilala uani siku hiyo kama siku zote, wala hakubweka.

Nilimuuliza mama yako anamshuku nani. Alisema, "Anayejua mguu wangu, na mbwa wangu anamjua, huyo kala kwangu. Jina lake sitaki kulijua kabla ya uchaguzi. Nikilijua nitamwogopa, na sasa hivi sina nafasi."

Hakuzifagia petali. Aliliacha lango wazi, akawapokea wote waliokuja, akawapa tamali za unga wa mahindi alizokuwa amempikia marehemu baba yako kwa siku hiyo, na kumweleza kila mmoja ilivyokuwa. Wengine waliposikia waliweka mshumaa chini wakaondoka bila kukaa. Sikuwalaumu. Wengine walikaa hadi kahawa ikaisha. Petronila alimwambia azikusanye petali azichome. Alijibu kwamba maua hayana kosa.

Kesho yake tulikwenda kwenye misa ya marehemu. Padre Anselmo alipokuwa akiyataja majina ya waliofariki mwaka huu, niliona watu wakimtazama mama yako badala ya altare, wakisubiri kama lake litatajwa. Halikutajwa. Lilipotajwa la Hermilo, mama yako aliitikia "Yupo," peke yake, kisha mjane naye akaitikia. Padre alifunga kitabu akasema, "Wafu tumewaombea. Walio hai tuonane kituoni."

Habari ya viatu utaisikia vibaya usipoisikia kwangu. Anavivaa. Anasema viatu vipya lazima vilainishwe kabla ya kusimama navyo kutwa nzima. Jumapili iliyopita alikwenda navyo misani. Nje ya kanisa Don Casimiro, mwenye machinjio na mwenye kupiga kampeni ya meya wa muda, alivua kofia akavitazama.

"Viatu vizuri, Doña Eulalia."

"Vinabana kidogo. Ukimwona aliyeleta, mwambie kidole changu cha mwisho kimepinda."

"Vitalegea tu, mama. Ila sidhani kama vitapata muda wa kuchakaa."

Kisha akavaa kofia yake, akamsalimu Padre kwa mkono. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kunusa sigara yake. Sikumsikia akitishia, na nikiulizwa na mahakama nitasema hivyo hivyo, pamoja na maneno yenyewe kama nilivyokuandikia.

Ujumbe wako niliufikisha kama ulivyoutoa: ajiuzulu, tiketi utalipa wewe, akae kwako hadi masika. Ofisi ya uchaguzi inapokea wanaojiuzulu mpaka Ijumaa. Katibu wa kituo alishakwenda Jumatatu, kapeleka cheti cha daktari. Mama yako aliacha maharage akaniuliza, "Nikiondoka, kiti atakikalia nani?" Nikamwambia sheria ilivyo: nafasi iliyo wazi huchukuliwa na mpiga kura aliye mbele ya foleni asubuhi hiyo. "Basi atakayewahi ni mtu wa Casimiro," akasema, "na Hermilo atakuwa amekufa kwa ajili ya tangi la maji."

Petronila alikuwepo. Alisema hiyo nafasi ya katibu anaitaka yeye, na foleni ataianza yeye, akiwa na kiti chake na blanketi. Nilimkumbusha umri wake. Alinijibu kwamba kwenye foleni ya mkate wa wafu hajawahi kupitwa na mtu.

Mimi nimepewa kibali cha mwangalizi. Nitakuwa ndani ya chumba cha kuhesabia tangu mwanzo mpaka matokeo yabandikwe mlangoni. Siwezi kukuahidi zaidi ya macho yangu, binamu. Usipande ndege. Ukija, watakuwa na watu wawili wa kutishia, kila mmoja kupitia mwenzake, na hilo ni neno la mama yako, si langu.

Wasalimie ndugu wote wa Amatzingo mlio nao huko. Rosaura, watoto na mjane wa Hermilo wanakusalimu. Petronila anamsalimu mwanawe Sixto kupitia kwako ingawa atakuwa amemuaga juzi tu, na anasema ale. Mama yako anakubariki kwa msalaba wa kidole gumba kwenye paji la uso, na anaomba Bikira akufunike kwa shela yake, wewe na mgongo wako.

Kuna neno moja aliloniagiza niliweke mwisho. Mshumaa ukishapelekwa kwa marehemu haurudishwi kwa mwenyewe. Lazima uwake. Aliyoletewa siku ile ameiweka yote kwenye kreti, pamoja na viberiti, na fundi wa umeme wa shule ameshaambiwa kwamba safari hii taa zikizimika kazi haitasimama. Misa ya Bikira Mkingiwa Dhambi ya Asili Padre ameisogeza iwe alfajiri. Kituo kinafunguliwa Jumapili tarehe 8 Desemba, saa mbili asubuhi. Kura zinaanza kuhesabiwa saa kumi na mbili jioni, jua likizama.

Ni mimi binamu yako asiyekusahau,

Fidencio